Mario Bila Saa

Wandugu, katika Super Mario Bros. ya 1985, muda ukiisha Mario anakufa. Super Mario Bros. Wonder, iliyotoka 2023, imeondoa saa ile. Huku Kasha tunacheza wanne pamoja, na kwangu njo faida yake kubwa: mdogo asiyejua kuruka hafukuzwi tena kwenye zamu. Anachagua Yoshi, ambaye maadui hawamuumizi, anajaribu polepole. Ukigusa Ua la Ajabu, mabomba yanaanza kutembea kama viwavi, wote tunacheka. Lakini Bowser Jr. anarudi tena na tena na pigano karibu lile lile. Mchezo wenye mawazo mengi hivi, kwa nini umechoka hapo? Waliozoea, munasemaje?