Kalule na Mugabi: Pambano la "-ngali-"

Katika mazoezi ya mdahalo ya darasa letu la jioni hapa Kampala, mada moja hurudi kila muhula hata kama mwalimu hakuiandika ubaoni: lau Ayub Kalule na John Mugabi wangalikutana ulingoni, nani angalishinda? Siku hizi wapo vijana wanaomtaja Kassim Ouma, bingwa wa mwaka 2004, na mzozo umekuwa wa vizazi vitatu. Wengi wa wasemaji hao hawakuwa wamezaliwa Kalule alipotwaa ubingwa, wala sisi tunaowafundisha hatukumwona. Hata hivyo sauti hupanda, meza hupigwa, na saa ya kufunga darasa hupita bila mtu kuitazama.

Twaona yafaa mzozo huu uhakikiwe kama tunavyohakiki majigambo au ngano, maana nao ni fasihi simulizi iliyo hai miongoni mwetu. Una fani yake na maudhui yake. Una uzuri wake, na una makosa yake.

Kwanza tuyaweke bayana mambo yaliyotukia. Kalule, bondia mashoto, alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Havana. Baadaye alifanya makao yake Denmark na kuingia ndondi za kulipwa. Tarehe 24 Oktoba 1979, mjini Akita, Japani, alimshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi 15, akawa Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa. Uzani wake ulikuwa ratili 154. Ubingwa huo aliushika hadi Juni 1981, Sugar Ray Leonard alipomshinda katika raundi ya tisa mjini Houston.

Mugabi alipata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nayo ilikuwa medali pekee ya Uganda mwaka huo. Alipoingia ndondi za kulipwa, kila mpinzani wake hadi mwanzo wa mwaka 1986 alishindwa kabla raundi zilizopangwa kutimia. Machi mwaka huo alipanda hadi uzani wa ratili 160 kupambana na Marvin Hagler mjini Las Vegas, akaangushwa katika raundi ya 11. Mwaka 1989, huko Ufaransa, alitwaa ubingwa wa ratili 154 kutoka kwa René Jacquot, aliyeumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Mwaka 1990 aliupoteza kwa Terry Norris, pia katika raundi ya kwanza.

Sasa tuzitazame hoja za wanafunzi wetu. Hoja wanayoipenda zaidi tumeiita hoja ya mnyororo. Msemaji husimama na kusema: Leonard alimshinda Kalule, Hagler alimshinda Mugabi, na mwaka 1987 Leonard akamshinda Hagler. Akifika hapo huketi, kana kwamba kesi imekwisha. Lakini imekwisha kwa upande wa nani? Mmoja husema Kalule ni mkubwa kwa kuwa alishindwa na yule aliyemshinda Hagler. Mwingine husema Mugabi ni mkubwa kwa kuwa alifika raundi ya 11 ilhali mwenzake alikomea ya tisa. Mnyororo mmoja wavutwa pande mbili, wala haukatiki, kwa sababu haukufungwa mahali popote.

Tena ushahidi wa kuuvunja u karibu. Mwezi Juni 1980 Roberto Durán alimshinda Leonard mjini Montreal. Mwezi Novemba mwaka uleule Leonard akamshinda Durán mjini New Orleans. Ikiwa watu walewale wawili, katika miezi mitano, walitoa majibu mawili yanayopingana, basi haifai kupima wasiopata kukutana kwa kupitia migongo ya watu wengine.

Kosa la pili ni la kuchagua siku. Shabiki wa Mugabi humleta Mugabi wa mwaka 1985, anayeangusha kila aliye mbele yake, akampambanisha na Kalule wa mwaka 1982, aliyesimamishwa na Davey Moore katika raundi ya kumi. Shabiki wa Kalule hulipa kisasi: humleta Kalule wa Akita na Mugabi wa 1990. Hii ni chuku, na chuku katika majigambo ni pambo. Katika mdahalo ni hila.

Kosa la tatu ndilo linalotugusa sisi walimu, kwa kuwa ni la sarufi. Wanafunzi wengi husema, "Mugabi angempiga Kalule." Kiambishi "-nge-", kwa kanuni ya vitabu vyetu, hubakiza mlango wazi: jambo halijawa, lakini laweza kuwa. "-ngali-" huufunga mlango: wakati umepita, na jambo halikuwa. Twajua kwamba katika mazungumzo ya leo viambishi hivi huchanganywa, wala hatutaki kumchapa mtu kwa hilo. Walakini "-ngali-" hudai kitu ambacho shabiki hapendi kukitoa, nacho ni sharti. "Angalimshinda" peke yake ni nusu ya sentensi. Wangalikutana mwaka gani? Kwa uzani upi? Kwa raundi ngapi? Kalule alipigania ubingwa wa raundi 15. Baada ya bondia Mkorea Duk Koo Kim kufa kutokana na pambano la Novemba 1982, raundi za ubingwa zilianza kupunguzwa kuwa 12, na Mugabi alipokutana na Hagler zilipangwa hizo 12. Ouma naye hakupata kujua nyingine. Asiyetaja sharti hajadili. Anajigamba kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nasi tusikwepe hukumu. Lau Kalule wa mwaka 1980 na Mugabi wa 1985 wangalikutana kwa ratili 154 na raundi 15, twadhani Kalule angalishinda kwa pointi, kwa kuwa alikwisha kuthibitisha kwamba aweza kwenda mwendo huo wote, na Mugabi hakupata kuuthibitisha. Lakini kwa raundi 12 tungalisita, maana Kalule alisimamishwa na Leonard na Moore, na ngumi ya Mugabi haikuwa ndogo kuliko zao. Anayetupinga na atupinge, ila alete sharti lake.

Kwa nini tuyachukulie haya kwa uzito? Kiswahili kiliwekwa katika katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo wako wazazi wanaokikumbuka kama lugha ya kambi za askari. Lugha ya amri haina haja ya sharti: "njoo", "lala chini", imetosha. Mwanafunzi anayemtetea Kalule hulazimika kusema "lau", "ilhali", "madhali", na kumngoja mwenzake amalize. Ngumi za watu wawili wasiopata kupigana zimemfundisha kutoa sababu badala ya amri.

Basi, walimu wenzetu, mada hii msiifukuze darasani. Iandikeni ubaoni, kisha chini yake andikeni mwaka, ratili na raundi.