Fyekeo la Aprili

Kosa halikuwa kwenye kuotesha. Kosa lilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Aprili, asubuhi, fyekeo lilipoingia kwenye mlenda.

Mliopita mtaa ule wa Ilazo mwezi Machi mliiona bustani yenyewe: mlenda pori umefika kiunoni, maua yake ya zambarau iliyopauka yakining'inia, na mbele yake mgagani ambao nyuki hawakuuacha. Makinga maji yalichimbwa vizuri na mbegu zilifukiwa juujuu kabla ya mvua ya kwanza. Hapo sina neno.

Sasa Aprili. Wageni wa posa wanakuja, mashina ya chini yameanza kuwa ya njano, mwenye nyumba akaamua yote yafyekwe, yakusanywe, yachomwe. Nilifika Jumatatu. Pembeni mwa jivu niliokota ganda moja la mlenda lililosalimika, nikalipasua kwa ukucha. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini, zikaacha majimaji kidoleni. Zikiiva huwa nyeusi na ngumu, ganda hukauka likapasuka juu, na upepo ukilitikisa shina zinamwagika. Wangesubiri wiki chache tu!

Tumezoea kuyaita maua haya yote "yanayostahimili ukame", na hapo ndipo tunapoharibu. Mshubiri unastahimili kweli, kwa sababu maji umeyaweka kwenye jani nene. Mlenda na mgagani haistahimili, inakwepa. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mmea wenyewe haupo, iko mbegu tu. Kwa hiyo shina la njano lenye maganda mabichi si uchafu uliobaki baada ya maua. Ndiyo bustani ya mwakani. Mgagani huenda ukarudi, kwani ulishaanza kumwaga mbegu, na mbegu zake mpya hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Mlenda sina tumaini nao.

Nimeshaandika kuhusu ugonjwa huu wa kuona uwanja safi ni ule uliokwanguliwa hadi udongo mwekundu, na nitaandika tena. Walewale wanaofyeka mlenda hutandika ukoka na kuumwagilia kila jioni, kwa maji ya visima vya Makutupora, hifadhi ambayo hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kisha wanapanda bogonvilia, mmea wa Brazil, na kuuita ua la Dodoma.

Bibi yangu kule Mvumi hakuwahi kusoma kilimo. Akipalilia mtama, jembe lake lilizunguka mashina mawili matatu ya mlenda, na hayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyachuma. Majani ya mengine tuliyaanika juu ya tembe. Yale ya mbegu yalisimama hadi yakauke yenyewe, hata mtama ulipokwisha kuvunwa.

Na Kondoa je? Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyoliwa na makorongo. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, sitaki kuupamba. Lakini kwenye vilima vilivyokuwa vipara, nyasi na vichaka vilirudi kwa sehemu kubwa vyenyewe, kutokana na mbegu na visiki vilivyokuwa ardhini. Wataalamu wale walijua kuacha. Ile nyumba ya Ilazo haikuweza kuacha kwa mwezi mmoja.

Nimempelekea mwenye nyumba mbegu za mlenda kutoka Mvumi, nyeusi, kavu, zimejaa kopo la chai. Nimemwomba afukie nusu mwishoni mwa Novemba na nusu nyingine aifiche. Fyekeo nimeondoka nalo.