Modesta Hakushika Panga

Vijana wa kikundi chetu cha kusoma hapa Nyarugusu wakisikia "riwaya ya mauaji ya kimbari", wanachotaka kwanza ni kumwona muuaji. Anafananaje? Anaongeaje? Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana tulianza na Murambi ya Boubacar Boris Diop, Msenegali aliyekwenda Rwanda mwaka 1998 na waandishi wengine wa Afrika, miaka minne baada ya mauaji. Kitabu ni cha Kifaransa. Mimi nasoma, halafu nawasimulia kwa Kiswahili chetu cha kambini.

Diop anawaacha wauaji waseme wenyewe. Faustin Gasana, kijana wa Interahamwe, anaongea juu ya kuua kama mtu anayepanga kazi ya kesho, na tuliona aibu kwamba tunamwelewa. Hapo mwandishi ameweza kabisa. Halafu anakuja Dokta Karekezi. Anawakusanya watu kwenye shule ya ufundi ya Murambi, anawaahidi ulinzi, kumbe ndiye anayepanga kifo chao, na mke wake mwenyewe na watoto wake wamo humo humo. Mwanawe Cornelius anarudi kutoka Djibouti akijua yeye ni mfiwa, anakuta ni mtoto wa muuaji pia. Inauma. Lakini nilipomaliza, kijana mmoja akasema, "Huyo si mtu, huyo ni shetani," na wote wakakubali haraka. Nikaona tumetoka salama. Nani kati yetu atakuwa dokta mkubwa hivyo? Sisi hata dawa ya kichwa tunaipangia foleni.

Kosa si la Diop peke yake, sisi wasomaji pia tunampenda shetani. Anatupumzisha.

Ndipo nikaleta Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga, iliyotoka 2012. Humo hakuna 1994. Ni shule ya wasichana milimani, miaka ya sabini mwanzoni, na wanafunzi Watutsi wamewekewa kiwango, asilimia kumi tu. Gloriosa, binti wa mkubwa, anaona pua ya sanamu ya Bikira Maria ni ya Kitutsi, anataka kuibadilisha. Anapanda huko na rafiki yake Modesta. Wanarudi wamejaa matope, na Gloriosa anasema wameshambuliwa na Inyenzi. Uongo mtupu. Modesta anajua, kwa sababu alikuwepo. Mama yake ni Mtutsi, anaogopa, na kwa siri huwa anamtafuta Virginia, msichana Mtutsi, waongee. Lakini mbele za watu anaufuata uongo. Kutoka hapo mambo yanakwenda mpaka damu.

Kwangu huyu ndiye mtu mgumu kuliko dokta. Mukasonga hamtukani wala hamtetei. Anamwacha tu asimame karibu na Gloriosa, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka unatamani kumvuta mkono.

Yule kijana wa shetani akauliza, "Sasa Modesta amefanya nini? Si alinyamaza tu?" Dada mmoja akamjibu kwamba Immaculée, Mhutu wa shule hiyo hiyo, alimficha Virginia. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Wakabishana mpaka giza.

Mimi sikubishana. Mwaka jana, kwenye bomba la maji, watu walianza kuisema familia moja: eti tazameni pua zao, hao si Wakongomani, wamejipenyeza tu. Nilikuwa na madumu yangu mawili. Niliifahamu familia ile, tulikimbia nayo kutoka kijiji kimoja. Nikajaza maji, nikacheka kidogo walipocheka, nikaenda. Baada ya wiki chache wakahamia zoni nyingine.

Niliwasimulia hivyo hivyo. Yule kijana akainamisha kichwa. Siku ile pale bombani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Jumamosi tunaendelea na kitabu. Ameomba asome yeye.