Gari Dogo Lisilo na Kiu

Mtu akitangaza hapa kwetu Mugutha kwamba anatafuta gari dogo, swali la kwanza huwa, "Cc ngapi?" Swali hilo lina maana kubwa kwa mtoza ushuru kuliko kwa tangi lako. Injini isiyozidi cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na inayozidi hapo asilimia 25 au zaidi. Ndiyo sababu moja ya yadi za Thika Road kujaa Vitz, Demio, Note na Fit. Lakini injini ya 1,000 ikibebeshwa watu watano na gunia la viazi italazimika kukanyagwa njia nzima, na huenda ikanywa kuliko ya 1,300 inayokwenda bila kulazimishwa.

Mimi huuliza uzito kwanza. Hapo ndipo Suzuki Alto inapopata heshima yangu: cc 796, mitungi mitatu, uzani chini ya kilo 800. Uber ilipozindua huduma ya Chap Chap Nairobi Januari 2018, gari ililolichagua lilikuwa Alto mpya kabisa. Ni gari la bati jembamba na starehe chache, nalo halijifanyi kingine. Aliyetaka jipya lililoundwa karibu na nyumbani alipata Volkswagen Polo Vivo, ambayo kiwanda cha KVM pale Thika kilianza kuiunganisha Desemba 2016. Hata hivyo, kwa wengi wetu gari "jipya" ni lile lililoshuka melini Mombasa likitoka Japani, maana sheria inakubali lisilozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hilo, jicho lako ndilo kinga yako.

Anza na karatasi ya mnada wa Japani. Muuzaji akisema imepotea, muage kwa upole. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Ila usiishie kwenye alama. Tazama mchoro wa gari pembeni: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa likabaki na mawimbi, XX ni sehemu iliyobadilishwa, na tarakimu hueleza ukubwa. W2 mlangoni hainikoseshi usingizi. XX kwenye boneti ikiandamana na W kwenye madigadi yote mawili ni gari lililogongwa usoni. S ni kutu, na hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa mikoa ya theluji kule humwaga chumvi barabarani, nayo hula chasisi kutoka chini mahali ambapo polishi ya yadi haifiki.

Kisha fungua mlango wa dereva uchungulie fremu yake. Gereji za Japani hubandika hapo stika ndogo kila zinapobadilisha oili. Huhitaji kujua Kijapani, tarakimu zinatosha. R3 ni mwaka wa tatu wa enzi ya Reiwa, yaani 2021. Stika ikisema kilomita 96,000 mwaka huo, na dashibodi leo inasema 61,000, umeshajua unazungumza na mtu wa namna gani. Fungua boneti pia: boliti za bawaba zenye rangi iliyobanduka pembeni zimewahi kuguswa na spana.

Giaboksi ndiyo inayofilisi watu. Magari mengi ya aina hii hutumia CVT, yenye mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Inaokoa mafuta, lakini haisamehe mafuta yasiyo yake. Fundi akiimiminia ATF ya kawaida kwa kuwa "zote ni nyekundu," ameiua. Ijaribu asubuhi injini ikiwa baridi. Tia D, achia breki taratibu, upande barabara ya murram kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa, rudisha ufunguo.

Kuhusu namba za matangazo: Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme wa betri, ilipotoka Desemba 2011 ilipimwa Japani ikapata kilomita 35.4 kwa lita. Hicho ni kipimo cha maabara. Toa thuluthi nzima ndipo uanze kupiga hesabu. Haibridi huokoa mafuta penye msongamano, kwa hiyo inamfaa anayekutana na Githurai saa moja asubuhi. Anayetoka Mugutha saa kumi alfajiri na kukuta Superhighway nyeupe hatapata faida kubwa hivyo, na betri ile kubwa itakuja kumdai siku moja.

Usisahau njia ya kufika kwako. Mvua ikinyesha, gari la chini hukwangua tumbo kabla hujafika lami. Wengi hutia spesa kuliinua, ingawa likiinuliwa mno shafti huchakaa haraka na gari hukata upepo vibaya, hivyo linanywa zaidi. Oili nayo ni muhimu: injini nyingi kati ya hizi zimeundwa kwa 0W-20, nyepesi kama maji, na ukitia 20W-50 kwa sababu ni rahisi, utalipia tofauti hiyo kwenye pampu.

Na kabla hujalipa, tafuta jirani mwenye gari kama hilo mlipime. Jazeni tangi hadi pampu ijikate, rudisheni kisoma safari kwenye sufuri, aende kazini wiki nzima, kisha ajaze tena pampu ileile na kugawa kilomita kwa lita. Kompyuta ya dashibodi muiache, hiyo hujisifu.