Amri ya "sm partition": inakata kadi bila kuuliza

Kwa mwanafunzi wa Mkolani mwenye simu ya GB 16 inayolia "nafasi imejaa", dawa ipo: kompyuta, waya wa USB, adb shell, halafu mstari mmoja tu, sm partition disk:179,64 mixed 50. Memori kadi inakatwa vipande viwili. Asilimia 50 inabaki ya faili za kawaida, nyingine inakuwa hifadhi ya ndani. Android ina uwezo huu tangu toleo la 6.0, mwaka 2015, na nafasi kweli unaipata.

Ninachoilaumu amri hii ni ukimya wake. Ukipitia menyu ya simu, unaonywa kwanza. Hapa ukibonyeza Enter, kadi nzima imefutwa, picha za fildi na noti zote kwaheri. (Na 179,64 si ya kila simu; anza na sm list-disks uone yako.) Baya zaidi, kipande cha ndani hufungwa kwa ufunguo unaokaa kwenye simu yenyewe. Simu ikidumbukia ziwani ikafa, hata ukiiokoa kadi, kipande hicho hakisomeki kwenye simu nyingine. Fundi asiyekwambia hilo kabla ya kukata hajakusaidia, hata kama kachukua buku mbili tu.