Ufundi wa Kumrudisha Msichana Nyumbani

Mtoto wa kaka yangu ameharibu daftari lake la hesabu, nami sikumgombeza. Kwenye kona ya kila ukurasa amechora kwa biki ya buluu msichana yule yule. Ukizibana kurasa kwa kidole gumba na kuziachia upesi, msichana ananyanyua mikono, sketi ya shule inapepea, nywele zinafumuka, na mara amevaa kitenge chenye mabawa, mkuki mkononi. “Shangazi, amegeuka,” aliniambia. Umeme ulikuwa umekatika hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, tangu adhuhuri, lakini katuni ile ya kurasa 40 iliendeshwa kwa kidole tu.

Najua alikouona mfano. Begi lake la shule, moja ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wetu huzifuata Dubai na Guangzhou, lina picha ya Ladybug, msichana wa Paris katika katuni ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2015. Ukoo wake lakini ni wa Japani. Mwaka 1966 alionekana kwenye runinga huko Sally, mchawi mdogo aliyekuja kuishi kati ya watu. Mwaka 1991 Naoko Takeuchi akaanza kuchora Sailor Moon: akachukua uchawi wa msichana mmoja, akauunganisha na vita vya kikosi kizima. Mwaka uliofuata ikawa katuni ya runinga, na mwaka 1993 ikaonyeshwa Ufaransa kwenye TF1. Kifaransa, lugha ya shuleni kwetu, ndicho kilichotufungulia mlango huo.

Anayetazama haraka hudhani mambo yote yako kwenye mapigano. Fundi anatazama kugeuka. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na katuni za Japani kwa kawaida hubana matumizi kwa kuchora 8 hivi tu kwa sekunde, kila mchoro ukikaa kwa picha tatu. Kwenye kugeuka, ubahili unawekwa kando. Utepe unazunguka mkono, kucha zinashika rangi, viatu vinafika mguuni, taji linatulia kwenye paji la uso. Wachoraji wanaimaliza sehemu hiyo kwa uangalifu wote, kisha wanaihifadhi na kuitumia tena wiki baada ya wiki. Kazi ya siku nyingi inalipwa kidogo kidogo, kama mshonaji wa barazani anayekata kielelezo kimoja cha karatasi na kukitumia kuwashonea mabinti wa mtaa mzima. Na watoto hawachoki kuiona. Wanaingoja kama kiitikio cha hadithi, wakijua kila kituo.

Ufundi ninaousifu zaidi, hata hivyo, uko mwisho wa kipindi, wakati wengi wameshaanza kutafuta viatu vyao. Ladybug akishatumia nguvu yake kuu anabakiwa na dakika tano. Hereni zake zina madoa matano, na doa moja moja linazimika. Akichelewa, atajikuta mbele za watu akiwa Marinette tu, mtoto wa waoka mikate. Kabla ya hapo anarusha angani kitu alichopewa na nguvu hiyo, na wadudu wekundu wanaenea mjini wakirudisha kila paa na kila ukuta ulioanguka. Usagi wa Sailor Moon naye ana miaka 14, analia ovyo na huchelewa shule. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, baada ya wenzake wote kufa vitani, anachoomba ni maisha ya kawaida. Anapewa: asubuhi, kitanda, na shule ya kuchelewa.

Katuni za Kongo nazo zinaujua uchawi. Mwaka 1990, mjini Kinshasa, Papa Mfumu'eto alichora vijitabu vya Kilingala ambamo mtu anageuka chatu, anammeza mwanamke na kutapika dola. Humo mwanamke ndiye anayeliwa. Msichana aliyeshika uchawi mkononi mwake mwenyewe ni habari nyingine.

Kwetu huku habari hiyo si ya kuchora. Kwenye makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai, jina lenye maana ya maji, wamekuwako wasichana wadogo waliopewa kazi ya kushika dawa, eti kwa kuwa hawajavunja ungo nguvu yao ni safi. Kule Kasai, mwaka 2016 na 2017, wapiganaji wafuasi wa chifu Kamuina Nsapu waliwavika wasichana sketi za majani, wakisema zitadaka risasi. Kwa hiyo mavazi yalikuwapo, na kiapo, na siri, na maadui. Risasi hazikudakwa. Hata walionusurika hawakuwa na hereni ya kuwaambia muda umekwisha. Waliorudi vijijini, wengi walikuta wenzao hawachezi nao na mama za wenzao wananong'ona kisimani. Huko Beni, ambako mauaji yameendelea tangu Oktoba 2014, hakuna wadudu wekundu waliorudisha mapaa.

Mwaka 2011 Wajapani wenyewe walitoa katuni ya Madoka Magica, vipindi 12 tu, iliyoandikwa na Gen Urobuchi. Kuna mnyama mweupe mpole anayewafuata wasichana wa shule: omba lolote, nitakupa, kisha utapigana. Bei haitaji, na akiulizwa baadaye anajibu kwamba hawakuuliza. Mtu wa Butembo hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Tumewaona waliowajia watoto kwa sauti hiyo hiyo, na watoto hao waliofanywa askari tukawaita makadogo, jina tamu kwa jambo chungu.

Basi nikamwambia mtoto: msichana wako amegeuka, je, nyumbani anarudije? Nikamwonyesha njia ya mkato: ushike daftari kwa nyuma, uachie kurasa kinyumenyume. Mkuki ukapotea, kitenge kikawa sketi, nywele zikajifunga. Nilijiona fundi. Yeye akatikisa kichwa.

“Hapana, Shangazi. Hapo ni kama hakuenda.”

Akaanza upya kwenye daftari la jiografia. Msichana anaweka mkuki chini. Anakaa. Ukurasa mmoja baada ya mwingine hakuna kinachosogea isipokuwa bega lake linalopanda na kushuka. Halafu anasimama, anasuka nywele mwenyewe, upande mmoja haulingani na mwingine. Sketi ina tope. Mlangoni kuna mtu mzima ambaye bado hajachorwa uso. Hapo biki ikaisha wino, na mtoto akanyoosha mkono kuomba nyingine, bila kuondoa macho kwenye karatasi.