Hesabu ya Minervali huko Kolwezi

Mwezi wa Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa taarifa juu ya kobalti ya Kongo, iitwayo "This Is What We Die For". Wengi wameitaja, wachache wameisoma. Sisi tumeisoma tena, kwa kuwa huko Kolwezi vijana wangali wakiacha shule, nasi tulitaka kujua kama yamfaa mzazi na mwalimu.

Sifa yake kubwa ni kwamba waandishi walikwenda wenyewe machimboni, Aprili na Mei 2015, wakawasikiliza watoto 17. Hawakupamba neno. Mtoto abeba gunia la kilo 20 hadi 40, aosha mawe, na kwa kutwa nzima apata franka 1,000 au 2,000. Minervali ya shule za Kolwezi, wasema, ilikuwa franka 10,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Tuziweke tarakimu hizo pamoja: mwenye bahati afanya kazi siku 5 ili alipe mwezi mmoja wa masomo, asiye na bahati siku 30, yaani hapati hata siku moja ya kukaa darasani. Kwa hesabu hiyo hatuwezi kuwaita wazazi hao wavivu, kama tusikiavyo mara nyingi nje ya kanisa baada ya Misa.

Lakini twaona upungufu. Taarifa yalifuata jiwe kuliko inavyomfuata mtoto: kutoka Kolwezi hadi kwa wanunuzi, hadi viwanda vya China, hadi betri ya simu. Ni haki kuifuata njia hiyo, maana mnunuzi naye ana deni. Ila yasema kwamba watoto wengine husoma, kisha huchimba Jumamosi, Jumapili na wakati wa likizo. Nayo yawapita upesi. Hao ndio tungetaka kuwajua. Mtoto huyo hajaacha shule, aiacha polepole. Jumatatu yupo darasani, usingizi umemlemea, na mfukoni ana fedha ambayo pengine mwalimu wake hana. Mwaka ukiisha ashindwa mtihani, arudia darasa, akaa pamoja na wadogo zake, aona haya. Hakuna aliyemfukuza.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, na sehemu ya hesabu ile ikafutwa. Sekondari haikuingia katika tangazo lile, nako ndiko angepaswa kuwako kijana wa miaka 14. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofanya kazi Kolwezi, walishika ncha zote mbili: waliwafundisha watoto bure na kuwalisha, wakawasaidia pia wazazi kupata riziki ya kilimo, ili fedha ya mtoto isikosekane nyumbani. Sura moja juu ya kazi ya namna hiyo tungaliipokea kwa furaha.

Aliye na taarifa hii parokiani na aanze na sehemu ya watoto, penseli mkononi; ile ya makampuni yaweza kungoja Jumapili ijayo.